Giza la Saa Mbili Usiku

Nianzie wapi, binti wa makumbusho?
Hicho kinasa sauti kisogeze mbali na supu.
Mimi ni Otari, mtu wa tanuri la chuma,
si mtu wa sanaa. Lakini ukuta wa jikoni kwangu
ndio ulikuwa ukuta wa chumba chake cha kulala,
na kwa miaka thelathini na mmoja
nilimsikia Lamara akikohoa.

Rustavi, baridi ile ya umeme kukatika.
Tanuri limezimwa, nasi tumezimwa nalo.
Watu walichoma milango ya makabati, kisha makabati,
kisha vitabu, wakianza na vile vya chama.
Ndipo akapanda ngazi, ghorofa kwa ghorofa,
na kikapu cha mitungi ya kioo, mitupu,
vifuniko vimekazwa, kila mmoja na karatasi yake:
Giza. Ghorofa ya tano. Saa mbili usiku. Jumanne.

Alikuwa akiuza.
Kwa watu waliokuwa nalo hadi kwenye mifupa.

Mjane wa ghorofa ya pili alimtemea mate.
Mimi nikamwambia, Lamara, kizuri chajiuza.
Akasema, ndiyo maana hiki nakitembeza.
Natela, mke wangu, akanunua mmoja kwa viazi viwili.
Tuligombana usiku kucha. Viazi viwili!
Akasema: Otari, angalau hili linajua tarehe yake.

Na mengine andika. Andika kwamba
alifagia ngazi za wizara kwa nywele zake mwenyewe,
alizozikata mbele ya askari na kuzifunga kwenye mpini;
wakamweka ndani siku kumi na tano,
naye alipotoka akawapelekea ankara:
onyesho moja, siku kumi na tano,
watazamaji walinzi wawili,
gharama ya chakula imeshakatwa.
Andika kwamba mwanawe, Vazha, alibadili jina la ukoo
ili apate kazi ya benki.
Hilo hakulifanya sanaa.
Nililisikia ukutani, usiku, wiki tatu hivi.

Halafu wakaja wa kwenu, kutoka Viena, kutoka Basel,
na viatu visivyojua matope.
Mtungi mmoja ukauzwa bei ya nyumba.
Nasikia wameuweka kwenye chumba chenye taa,
taa usiku na mchana, na mlinzi, na kipimajoto.
Sijui kama aliyeununua anakiona kichekesho.
Lamara alikiona. Alicheka hadi akaegemea ukuta,
kisha akalipa deni la gesi la ngazi yetu nzima,
yule mjane akiwamo.

Wa kwetu? Ndiyo, upo. Subiri, usisimame na glavu zako.
Natela aliufungua. Kiangazi kilichofuata,
plamu zilikuwa nyingi na mitungi haba.
Akalimwaga giza dirishani, mchana kweupe,
akausuuza kwa maji ya moto, akajaza mchuzi mchachu.
Karatasi hakuibandua; gundi ilikuwa kaidi.
Miaka yote hiyo tumekula kutoka kwenye Jumanne.

Nilimwambia Lamara siku tuliyomzika Natela,
nikidhani atakasirika, au atanicheka:
tungekuwa matajiri, nikasema, na tumekula utajiri kwa nyama.
Hakujibu. Alichovya mkate, akala,
akachovya tena. Mchuzi ukamtiririka hadi kiwiko.
Akaniuliza kama Natela alikuwa akitia mnanaa
au kotmiri tu.
Sikujua. Ndoa ya miaka arobaini, na sikujua.
Tukakaa tukiuonja, tukibishana, watu wazima wawili,
mpaka kijiko kikaanza kugonga kioo.

Ule pale, juu ya friji. Umeoshwa, mtupu.
La, hauendi popote. Piga picha ukitaka,
lakini kwanza zima hiyo taa ya kamera.